Nusra Abdalla na Kipande cha Pili cha Picha

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Jidda, mlioko Riyadh, na nyinyi mnaonisikiliza kwenye simu huku mnakaanga sambusa, punguzeni moto mkae na mimi kidogo. Ni Mashavu. Leo tunamkumbuka Nusra Abdalla. Ni mwaka mmoja sasa tangu atutoke. Nusra Abdalla wa Al-Baghdadiyah, yule aliyekuwa akiwapeleka watu Japani.

Wengi mlimjua kwa hilo. Wenzake wakipeleka watu Istanbul, yeye Japani. Alizaliwa hapa hapa Jidda. Baba yake alitoka Unguja mwaka sitini na nne, kijana mbichi, hakurudi tena. Nusra alisoma hapa, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa, na mtoto mmoja mkononi, Faris. Ofisi yake ya safari ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la manukato. Ukimaliza ngazi ushanukia udi, hata kama hukununua kitu.

Sasa, Japani kuna nyumba za wageni za kizamani, wenyewe wanaziita ryokan. Unavua viatu mlangoni. Unalala chini, kwenye godoro lililotandikwa juu ya mikeka. Na mna mahodhi ya maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe, hakuna aliyeyachemsha. Shida ni moja. Wenyewe huoga pamoja, wanawake kwa wanawake, bila ya nguo. Na wanawake wetu mnawajua. Basi Nusra alikuwa akitafuta nyumba zenye hodhi la faragha. Unaingia na mwenzako, unafunga mlango kwa ndani. Chakula anakiagizia mapema: nguruwe hapana, pombe hapana, hata tone kwenye mchuzi. "Nawapeleka na sitara yao, nawarudisha na sitara yao," akisema.

Alikuwa na neno jengine. Mteja akija anataka miji mitano kwa wiki moja, Nusra humtazama juu ya miwani. "Mwanangu, kwenda mara moja ni kupita. Kurudi ndiko kuzuru." Akiwarudisha watu nyumba ile ile, na makumbusho yale yale ya sanaa. Wengine wakinuna. Bwana mmoja wa Riyadh alimwambia, "Bi Nusra, picha ile mie nishaiona." Akamjibu, "Na mkeo ushamuona. Mbona unarudi nyumbani?"

Nusra alikuwa na mdogo wake, Wafaa, mwalimu huko Riyadh. Wawili tu hao, hawana mwengine. Mwaka elfu mbili na ishirini na tatu, majira ya majani kupukutika, Nusra alimchukua Wafaa kwa mara ya kwanza. Akampeleka kwenye nyumba anayoipenda kuliko zote, milimani, ya mama mmoja wa makamo asiyejua neno la Kiarabu wala la Kiswahili.

Jioni ile wakapewa vazi la nyumba, yukata. Ni kama kanzu ya pamba iliyo wazi mbele. Unakunja upande mmoja juu ya mwengine, unafunga mshipi. Haya, upande gani uwe juu? Nusra alikuwa amechoka na safari, kafumba macho. Wafaa akamvika, upande wa kulia juu. Jamani, sisi kila chema tunaanza na kulia. Kula kwa kulia, kuvaa kwa kulia, msikitini unaingia na mguu wa kulia. Angefanya vyengine kwa nini?

Wakakaa chumbani wakingoja chakula. Mama mwenye nyumba akaingia na sinia. Akaona. Akaliweka sinia chini, akapiga magoti mbele ya Nusra, akamfungua mshipi bila ya kuomba ruhusa, akageuza: kushoto juu, kulia chini. Kisha akatoa simu yake iwafasirie. Kulia juu, ikasema simu, huvikwa maiti.

Wafaa alitamani ardhi immeze. Nusra alicheka mpaka akapaliwa. "Kha! Basi nishavikwa sanda na njaa inaniuma vile vile!"

Asubuhi yake wakaenda makumbusho. Huko kuna picha ya zamani iliyochorwa kwenye karatasi za kukunja, vipande viwili. Havitolewi pamoja, maana mwanga unakula rangi. Kimoja hutolewa majani yakipukutika, cha pili hutolewa wakati wa maua. Wao walikikuta cha kwanza; Nusra miaka yote akija majira hayo, cha pili hajapata kukiona. Watu wamekaa chini ya upenu, mvua inanyesha, shingo zote zimegeukia upande mmoja. Wanamngoja mtu. Huyo mtu yumo kwenye kipande cha pili.

Nusra alikaa mbele ya picha ile mpaka Wafaa akamwambia, "Yalla, dada, treni."

"Wanamngoja nani hawa?"

"Sijui. Twende."

"Turudi wakati wa maua, Wafaa. Mie na wewe. Nataka kujua wanamngoja nani."

Wasikilizaji wapendwa, hawajakaa sana, Nusra akaonekana ana saratani ya ini. Daktari hakumficha. Alimwambia, kama kuna safari unaitaka, nenda sasa, nguvu bado unazo. Basi Nusra akapiga simu Riyadh. Twende baada ya Idi, maua yatakuwepo na picha itakuwa nje. Faris, mwanawe, alikuwa tayari kumpeleka. Lakini Faris mwanamme. Hawezi kuingia naye kwenye maji akamshika mkono. Alitakiwa ndugu yake.

Wafaa akamjibu, "Pona kwanza, dada. Mwakani tutakwenda, inshaallah."

Nusra akaomba tena. Akajibiwa vile vile. Mara ya tatu hakuomba. Faris ananambia, "Mama alikata simu, akasema, 'Halas, muache mwalimu wangu.'"

Maua yakaja, yakenda. Nusra alifariki Disemba, nyumbani kwake Al-Baghdadiyah. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Akazikwa Jidda baada ya sala ya Alasiri.

Matangani sote tulikuwa na sifa moja mdomoni. Ndugu ni Wafaa! Ameacha kazi Riyadh, amehamia kwa dada yake, anamlisha uji, anamgeuza kitandani. Na ni kweli, alifanya hayo yote. Mimi mwenyewe nilimsifu, tena kwa sauti. Akanivuta jikoni. Macho mekundu. "Bi Mashavu, mie ndiye niliyemvika. Kwa mikono yangu hii."

Sikumfahamu, mpaka akanihadithia ile yukata. Nikamwambia, mwanangu, hizo ni desturi za watu, sisi hatuna itikadi hiyo, siku ya mtu kufa anaipanga Mungu. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani nimemtuliza. Hovyo, mtu mzima mimi.

Aprili iliyopita Wafaa alikwenda Japani peke yake. Alipofika kwenye ile nyumba ya milimani, mama alimpokea mlangoni, akainama, kisha akachungulia nyuma yake, kulia na kushoto. Anamtafuta Nusra. Wafaa alikuwa na simu ya kufasiria mkononi, akaiweka chini. Akachukua yukata iliyokunjwa, akaiweka kifuani, akakunja. Kulia juu.

Yule mama alikwenda chini, paji la uso mpaka kwenye mkeka. Akakaa naye mpaka chai ikapoa.

Kesho yake Wafaa akaenda kukiona kipande cha pili. Wiki iliyopita amenipigia, nikamuuliza, kina nini? Akasema, "Wanakuja, Bi Mashavu. Wanawake watatu wamejifunika majani yawakinge na mvua, wanacheka, wamekaribia kufika. Muda wote ule walikuwa njiani."

Kisha akalia, na mimi nikamuacha alie. Alipotulia akaniambia lile lenyewe. "Nguo haikumuua. Najua. Nimejitwisha lawama ya nguo kwa sababu ni nyepesi. Daktari alisema aende. Ningekubali safari, ningekuwa nimekubali kuwa anakufa. Niliogopa mie, akakosa yeye."

Kwa Faris, kwa Wafaa, kwa jamaa wote wa marehemu walioko Jidda, Riyadh na Unguja, tunatoa mkono wa pole. Mungu amrehemu Nusra Abdalla, amsitiri kama alivyowasitiri watu. Na sisi tuliobaki tujipime. Tunaposema "mwakani, inshaallah", tunamtaja Mungu, au tunajificha nyuma ya jina lake?

Wafaa aliniomba jambo moja kwa ajili ya leo. Alisema, "Usinisifu hewani. Watu wamenisifu mwaka mzima, na kila sifa inanichoma. Sema tu kuwa dada yangu aliniomba, na mimi nikakataa."

Nimesema, mwanangu.