Moto Usiotoa Moshi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa boila, mstaafu, aliyeunda garimoshi dogo la mvuke. Lilimfika magotini tu, lakini lilivuta watu wazima wanne kwenye reli za bustani ya mji. Watoto walimwita Babu Mvuke. Nasi tumwite hivyo.

Babu Mvuke alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha. Mkewe alikuwa na kifua kibovu. Kila alipopanda behewa, moshi ulimjia usoni, akakohoa mpaka akashushwa. Akabaki kukaa kwenye benchi, amepakata mkoba wake, akiwapungia mkono watoto wanaopita.

Basi mzee akaanza kutafuta makaa ya mawe yaliyo mazuri. Yale laini aliyoyazoea yalitoa moshi mweusi na kuziba mirija ya boila kwa masizi. Kuni nazo ziliisha upesi, treni ikasimama njiani. Alitaka makaa magumu, yanayong'aa, yasiyo na moshi. Aliyaponda ndani ya gunia ili vumbi lisimfikie mkewe. Vipande vidogo kama harage, maana tanuri lenyewe lilikuwa kama bakuli.

Shemeji yake alimtania kwamba treni ile inachaguliwa chakula kuliko mashemeji. Mzee alicheka, akaendelea kuponda.

Kila aina mpya ya makaa aliijaribu karakanani, kwenye jiko la chuma, dirisha likiwa wazi. Asipolifungua, moshi ulimtoa mbio. Siku alipoyapata aliyoyataka, mvua ilikuwa inanyesha, inarusha matone ndani. Moshi haukuwapo. Akalifunga dirisha.

Mkewe anasimulia: "Aliniita nikaone. Akasema, mama watoto, vuta pumzi, unasikia chochote? Nikamwambia sisikii kitu. Akasema, basi Jumamosi unapanda na mimi. Nikaenda kumchemshia chai. Nikamrudishia na mlango, asilowe."

Chai ikaiva. Akamwita, kimya. Alimkuta kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, koleo dogo mapajani. Makaa yalikuwa bado mekundu, hayana hata uzi wa moshi.

Wasikilizaji wapendwa, makaa yale yalikuwa mazuri kweli, kwa treni, nje, penye upepo. Lakini moto usio na moshi nao hutoa hewa ya sumu. Haionekani, hainuki. Moshi wa zamani ulimchoma macho, akatoka. Moto huu ulimwacha akae.

Binti yake anasema mama yao hurudia neno moja tu: "Laiti ningekohoa."

Baada ya mazishi, shemeji mtu aliliwasha garimoshi kwa makaa yaliyobaki, akamwomba mjane apande. Alizunguka bustani mara moja, mkoba mapajani. Hakukohoa. Aliposhuka, aliomba lifunikwe.

Mama, binti, shemeji, poleni sana. Tunalia nanyi.

Nawe unayetusikiliza, huenda una jiko la makaa chumbani, na umefunga kwa ajili ya baridi. Sasa tutanyamaza kidogo kwa heshima ya Babu Mvuke. Wakati tumenyamaza, inuka ukafungue dirisha.