Mama Kausha Anastaafu, Kutu ya Nyonga Inabaki

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha upasuaji wa mifupa, daktari bingwa wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi tunamwita Mama Kausha. Kila alipofika hatua ya kuvisha kichwa cha nyonga ya bandia, aliagiza shingo ya chuma ikaushwe, kisha ikaushwe tena, na ole wake aliyepiga soga wakati huo.

Alikuwa na sababu. Nyonga ya bandia ina mhimili unaoshindiliwa ndani ya mfupa wa paja, na kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya shingo yake. Hapo vinapoungana, metali mbili zikichezacheza ndani ya majimaji ya mwili, hulika. Si kutu nyekundu ya bati. Ni uchafu mweusi kama masizi, nao huua nyama iliyo jirani.

Aliyemfumbua macho ni mama mmoja muuza maua, aliyerudi akichechemea miaka michache baada ya kuwekewa nyonga. Mapokezi walimwambia ni uzito. Muuza maua akawaka: sketi zake zote zimetiwa pini kwa kukonda, sasa apunguze nini, mifupa? Mama Kausha alicheka, akampima damu, akakuta metali kwa wingi usiostahili. Alipompasua tena, kiungio kilikuwa cheusi tii. Leo muuza maua anatembea bila mkongojo.

Wauzaji wa aina ya nyonga aliyowekewa muuza maua walidai daktari amekosea kuzifunga. Alipowaonyesha nyingine zilizofungwa na wenzake, nyeusi vilevile, wakahamia kwenye uzee wa wagonjwa. Tangu lini uzee ukala chuma? Kwa ubishi wake, hospitali iliacha kuzinunua, na hilo tunalishangilia.

Lakini waliokwisha kuwekewa wamo mitaani, na wengine hulika ndani kwa ndani kabla ya kusikia maumivu. Aliwafungulia kliniki ya Alhamisi, akiwaita mmoja mmoja kupimwa. Sasa uongozi unasema ikifika siku ya kuondoka kwake itafungwa, eti inawatia watu hofu. Hofu! Mtu anaoza nyama ya paja, sisi tunamtunzia utulivu!

Madaktari aliowafundisha wamekwisha kugawana zamu. Alhamisi ya kwanza baada ya kuondoka kwake mlango utakuwa wazi, na anayetaka kuufunga aje mwenyewe awaeleze wagonjwa waliokaa kwenye benchi.

Asante, dada yetu mkubwa. Tunakuombea mapumziko marefu na afya tele. Simu tutakupigia kukusalimu tu. Wagonjwa wako tunao.