Injini Baridi ya Papa Zacharie

Katika gari la kifahari aina ya jipu lililotutoa Kalemie kwenda Moba, dereva, Papa Zacharie, alijisifu kwamba ametoa termosta, kile kifaa kinachopima na kushika joto la injini, ili injini isipate moto kamwe. "Angalia sindano ya joto, Mama. Haifike hata degre sitini!"

Mama Éliane, fundi wa injini za mitumbwi, alikuwa anawahi ndoa ya binti yake saa nne. "Papa, injini ya dizeli inataka degre tisini. Ikiwa baridi inakunywa mafuta ya mazutu kama mulevi. Utanichelewesha."

"Injini ya baridi haiungue, Mama."

Mimi, abiria wa nyuma, niliangalia nje ya dirisha; mabishano kama hayo nayapata nyumbani bure. Tulipoanza kuiona Moba, jipu likakohoa, likasimama. Tangi lilikuwa tupu. Mama Éliane akavua viatu vyake vya ndoa, akashika njia kwa miguu.

Papa Zacharie akamwita, mkono juu ya boneti: "Mama, rudi kwanza uguse! Injini iko baridi!"