Ng'ombe Watatu Kutoka Kostarika

Benchi letu liko nje ya duka la mashine za kufulia hapa Lanham, ughaibuni, mwaka huu wa 2006 na pengine hadi kiama. Jumamosi asubuhi wake zetu huwa zamuni, wakiuguza wazee wa watu, nasi tumeachiwa nguo chafu na amri ya kutochanganya nyeupe na za rangi. Mimi huitwa Paspoti, kwa kuwa nimekaa Maskati, Rotadamu na Newark, na kote huko sikujifunza kitu ila jinsi ya kuomba chakula. Kushoto kwangu ni Boniface wa Bukavu, tunayemwita Waziri: huja kufua amevaa suti na tai, maana nguo zake nyingine zote zimo mashinani. Chupa ya kahawa ni yake. Jumamosi hiyo Kipkemboi, baba yake Jelagat, alikuja bila nguo chafu. Alikuja na boksi.

Kipkemboi: Msiguse. Angalieni tu.

Tukaangalia. Paketi ya kahawa, kitambaa cha meza kilichotariziwa maua, na picha. Pichani yumo Jelagat, anayesoma chuo pale College Park. Tangu Agosti yuko Kostarika akijifunza Kihispania, na anakaa kwa familia moja ya wenyeji. Ameshika kamba ya ng'ombe. Nyuma yake wako ng'ombe wengine wawili. Ubavuni pake kuna kijana mrefu, kofia mkononi, anacheka.

Kipkemboi: Huyu kijana ni wa hiyo nyumba iliyonitumia boksi. Sasa niambieni. Mtu akikutumia picha ya binti yako, kijana wake na ng'ombe watatu, anasema nini?

Waziri: Bon. Anasema wengine wako nyuma ya mulima.

Kipkemboi: Waziri, sicheki. Kwetu mzee haonyeshwi ng'ombe hivi hivi. Ukishaonyeshwa, mazungumzo yameanza.

Mimi: Pengine ni picha ya kumbukumbu tu, Baba Jelagat.

Kipkemboi: Kumbukumbu ni ya watu! Mbona huyu wa madoa amesimamishwa kiubavu? Ndiyo nione kiwele!

Akaisogeza picha karibu na pua.

Kipkemboi: Na kiwele ni kizuri, sikatai.

Waziri: Ee, mukubwa amekwisha kuanguka. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mimi: Hiyo ni ya vyombo.

Waziri: Hata kiwele ni chombo.

Mimi: Si umpigie Jelagat umuulize?

Kipkemboi: Mwalimu wao amewapeleka msituni kuangalia vyura. Simu haishiki mpaka Jumatatu. Na kuna shida ingine. Alhamisi mama wa hiyo nyumba alinipigia.

Waziri: Akasema?

Kipkemboi: Kihispania! Kirefu kama sala ya mchungaji. Sasa mama ya watu anaongea, anacheka, utamkatiza? Nikamjibu kwa heshima. "Yes, mama. Thank you, mama. Yes, yes."

Waziri: Mungu wangu! Umekubali harusi.

Kipkemboi: Nilikubali nini sijui! Hiyo ndiyo nauliza!

Waziri: Mi nakwambia, pale alicheka ndiyo pale alitaja hesabu ya ng'ombe.

Nikaona nami nichangie, maana mtu aliyesafiri hanyamazii asichokijua. Nikawaambia kwamba nchi za huko kitambaa cha meza hutangulia, na kahawa ndiyo muhuri: ukiinywa, umetia sahihi. Sijawahi kufika Kostarika. Niliwahi kubadilisha ndege Panama, nikiwa na usingizi.

Kipkemboi: Unaona! Mke wangu Chepkirui alitaka tuichemshe. Nikamwambia, mama, hapana, tutakuwa tumekunywa mahari.

Waziri: Ukila cha muntu, na chako kitaliwa. Kwetu Bukavu kulikuwa muzee mumoja, akapokea sukari ya majirani. Alikuwa na mabinti wanne. Mwaka uliisha, nyumba iko wazi.

Mimi: Kwa sukari?

Waziri: Ilikuwa sukari mingi.

Mimi: Jamani, kinyozi pale ni Msalvado, Kihispania ndiyo lugha yake. Twende tumpigie yule mama, kinyozi atutafsirie.

Kipkemboi: Mambo ya binti yangu nimpe kinyozi? Nitafika kwangu Bowie niyakute yamenitangulia.

Akairudisha picha ndani ya boksi, akaitoa tena.

Kipkemboi: Kabla ya kwenda msituni alinipigia. Akasema, "I have to go, Dad, dinner's ready at home." Home! Alimaanisha kule, kwa yule mama. Ng'ombe naweza kurudisha. Hilo neno narudisha aje?

Waziri akafungua chupa, akaifunga bila kumimina. Wakati huo akatokea mlangoni mama mmoja wa Kilifi, Mwatumu, aliyehamia Lanham majuzi. Beseni kiunoni, soksi nyekundu kidoleni.

Mwatumu: Hamjambo? Soksi hii ya nani, ilofuliwa na mashuka meupe?

Nikatazama mawingu.

Mwatumu: Na boksi la nini?

Tukamweleza watatu kwa mpigo: vyura, kiwele, sukari, muhuri. Akasikiliza hadi mwisho.

Mwatumu: Kwa hiyo tangu Agosti mwanenu alala kwa mama huyo, apikiwa, afuliwa?

Kipkemboi: Chuo kimelipa.

Mwatumu: Sikuuliza chuo. Nyinyi wazazi, siku anaondoka, mlimfungia nini ampelekee?

Ndani mashine ikazunguka, ikatetemeka, ikasimama. Kipkemboi alitazama viatu vyake. Waziri akaichukua chupa, akaiinamisha juu ya kikombe. Likadondoka tone moja.

Kipkemboi akaichukua paketi ya kahawa, akainusa kupitia karatasi, muda mrefu.

Kipkemboi: Waziri, beba chupa. Twendeni kwangu tuichemshe hii. Mama, na wewe karibu. Lakini tupitie kwanza duka la Mkenya, nichukue majani ya chai, yale ya Kericho. Na Paspoti, beba kamera.

Mimi: Ya nini?

Kipkemboi: Wao wamenionyesha ng'ombe wao. Na mimi nitawaonyesha nini?

Tukatazama huku na huku. Uwanja wa magari, toroli la dukani lililolala, gari lake lenye kioo chenye ufa. Waziri aliinuka, akanyoosha tai, akasimama kiubavu.