Mwalimu wa Poeta na Mabenchi ya Shemeji Yake

Inafahamika rasmi, kwa waraka wa idara ya elimu wa tarehe 9 Januari 1989, kwamba Kilatini kilikoma kufundishwa mjini kwetu kwa kukosa wanafunzi. Marehemu, mwalimu wa somo hilo, aliupokea waraka huo kwa heshima zote, akausahihisha kwa wino mwekundu, akaurudisha ulikotoka.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika chumba chenye saa kumi na tisa za ukutani, kila moja na wakati wake. Labda ndiyo maana hakuwahi kuchelewa popote. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1971, na mwaka 1975 akamwoa mshonaji aliyemkatalia mara mbili.

Waraka ulipomtoa darasani, kaka wa mkewe, seremala, alimwazima kona ya karakana kila Alhamisi saa kumi jioni, kwa sharti kwamba asisumbuliwe. Wanafunzi wanne wa kwanza walikalia mlango ulioagizwa na mteja.

Siku moja alifundisha neno poeta, ambalo Walatini waliliazima kwa Wagiriki.

"Linaishia kama majina ya kike, lakini ni la kiume," alisema. "Msishangae. Hata sisi husema kiongozi mzuri, hatusemi kiongozi kizuri."

"Maana yake?" aliuliza seremala, msumari mdomoni.

"Mshairi. Ila kwa Wagiriki lilianzia kwa mtu anayetengeneza kitu."

Seremala akautema msumari. "Kumbe ni mimi! Na miaka yote hii umeniacha nje ya darasa?"

"Shemeji, si ulisema usisumbuliwe?"

"Hebu sogea huko."

Wiki iliyofuata seremala alileta benchi la kwanza.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua marehemu. Kifo hakukiogopa, aliogopa waraka ule usije ukawa kweli siku akifumba macho.

"Nani atalishika darasa?" aliuliza akiwa amelazwa hospitalini.

"Wewe pona kwanza, maswali baadaye," alijibu shemeji yake. Kesho yake alirudi wodini, akasimama wima, akalitaja poeta kwa hali zake zote za kisarufi, umoja na wingi. Alikosea mahali pamoja. Marehemu alimsahihisha, akacheka, akalala usingizi mzuri. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023.

Familia inawashukuru wauguzi waliovumilia Kilatini wodini. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na shemeji mmoja. Mungu ampe pumziko jema.

Alhamisi saa kumi darasa lipo kama kawaida. Mgeni aje na kiti chake, maana mabenchi yote sita yamejaa.