Mama Shoka, Aliyekataa Kikombe

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wenzetu, mlio huko juani sogeeni chini ya turubai, nafasi ipo. Maisha ya dada yetu hayasomeki mbio mbio, na yeye mwenyewe hakupenda msimuliaji akimbizwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati yetu sita. Siku hiyo baba alikuwa uani akitwangana ngumi na jirani kwa sababu ya zamu ya bomba la maji. Mkunga alitoka na beseni la maji machafu, akawamwagia wote wawili, akasema, "Mmoja wenu amepata binti. Mwingine aende kwake." Baba alipenda kusema kwamba binti huyo aliletwa duniani kuamua ugomvi wa watu, akaishia kupewa ugomvi wake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hili kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu na wa kwanza kwa kufukuzwa. Akiwa darasa la tano, mwalimu alimchapa mdogo wetu vidoleni kwa rula ya ubao mpaka damu ikatoka, kisa kachelewa. Dada aliinuka, akaichukua ile rula, akaivunja gotini, akamrudishia mwalimu kipande. "Hiki chako, mwalimu, na hiki cha kwetu." Alisimamishwa wiki mbili. Mwalimu yule ni mzee sasa na yuko nasi hapa. Tumempa kiti chenye mto, maana dada asingekubali akalie benchi.

Mwaka 1975 alianza kazi buchani kwa mjomba, pale sokoni, akifagia na kuosha ndoano. Mjomba alishikilia kwamba mwanamke hawezi kupasua paja la ng'ombe. Siku mgongo wa mjomba ulipogoma, dada alilipasua, na mjomba hakulirudia tena neno lile. Mwaka 1984 bucha ikawa yake, na jina la Mama Shoka likamganda. Mteja akilalamika, "Mama Shoka, mbona umenijazia mifupa?" alijibiwa, "Kwani ulidhani ng'ombe alikuwa anatembelea maini?" Na kabla mteja hajafika mlangoni, aliitwa arudi aongezewe kipande cha nyama.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa katika kanisa hili na karani wa ghala la nafaka, mwanakwaya mwenye sauti nzito, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mungu aliwajalia binti mmoja.

Hapa, wageni, inabidi niwaeleze. Mtaani kwetu jina la kanisa hili lilifungua milango. Mwenye nyumba akisikia mpangaji anasali hapa, alimkabidhi ufunguo bila maswali. Msimamizi wa kiwanda akiambiwa kijana fulani ni wa kwetu, alimpa kazi siku hiyo hiyo. Na aliyekosea alitengwa: jina lake lilisomwa Jumapili, akahamia benchi la nyuma, hagusi mkate wala kikombe cha Meza ya Bwana mpaka atubu. Wamesomwa walevi. Wamesomwa wasichana waliobeba mimba. Mzee wa kanisa hakuwahi kusomwa.

Na karani alikuwa anampiga dada yetu. Alimpiga kwa mkanda, alimpiga kwa mguu wa kiti, na mwaka 1987 alimkandamizia mgongoni pasi ya mkaa ikiwa na moto wake. Mama alimuuliza, "Wewe unayepasua ng'ombe, mbona humrudishii?" Dada akajibu, "Mama, mimi nikirudisha atakufa. Nataka aache, sitaki afe."

Alikwenda kwa wazee wa kanisa mara tatu. Mara zote tatu aliambiwa, "Tutaliombea, mama, ila lisitoke nje. Jina la kanisa litachafuka." Lakini lilishatoka siku nyingi. Asubuhi moja mpiga debe mmoja, mtu ambaye hata njia ya kanisani haijui, alimburuta mkewe kwa nywele mbele ya bucha, akimpiga kichwa ukutani. Majirani walipomsihi, akafoka, "Niacheni! Hata mzee wa kanisa anamtandika wake, sembuse mimi?" Dada alisema maneno yale yalimuuma kuliko ile pasi. Ndipo alipoelewa kwamba mtaa mzima unaliangalia kanisa, na unajifunza hata lile lisilohubiriwa.

Juni 1991 karani alimsukuma kwenye ngazi za uani, akamfuata chini kwa mateke. Mkono wa kushoto ulivunjika na mimba ya miezi mitano ikatoka. Jumapili ya tarehe 7 Julai dada alikuja kanisani na plasta yake, akakaa safu ya tatu. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, na aliyepitisha sinia la vikombe upande ule alikuwa karani.

"Sipokei kwa mkono huo," dada alisema, bila kupaza sauti. "Mkono huo umeua mtoto wangu."

"Chukua. Usiniaibishe."

"Nani amemwaibisha mwenzake?"

Karani akasogea kwa aliyefuata, muuza maziwa. Mama yule akakunja mikono. "Na mimi nitasubiri, baba." Aliyefuata akatikisa kichwa tu. Sinia likafika mwisho wa safu likiwa limejaa kama lilivyotoka mezani. Hapo karani alirudi, akalibamiza lile sinia usoni mwa dada. Vikombe vya kioo vilipasuka, divai na damu vikachuruzika pamoja kwenye plasta nyeupe, meno mawili yakaanguka sakafuni. Kisha akamkamata kwa mkono ule ule uliovunjika, akauzungusha. Mlio wa mfupa ulisikika mpaka kwa wanakwaya. Wanaume wanne ndio waliomtoa karani nje, na mmoja wao alitoka na pua iliyovunjika.

Jumanne baraza la wazee lilikaa, likaamua atengwe mtu mmoja. Dada. Kosa: kuidharau Meza ya Bwana.

Alikwenda benchi la nyuma akiwa na mkono shingoni na mdomo umeshonwa. Jumapili iliyofuata muuza maziwa alimfuata. Kisha mshona nguo, kisha mama yetu, kisha wake wawili wa wazee wenyewe. Ilipofika mwisho wa mwaka nyuma kumejaa mpaka watu wanasimama, mbele wamebaki wazee wanane na mwangwi wao. Mchungaji alikwenda buchani, akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akauliza, "Mama, unataka tufanye nini?"

"Msome. Umewasoma wasichana wa miaka kumi na saba, msome na yeye."

Februari 1992 karani alisomwa. Akahama mji, na hatukumwona tena.

Mtaa ulitucheka. Tuliitwa kanisa la masumbwi, na familia kadhaa zilihama kutafuta kanisa lenye jina safi. Lakini wanawake walianza kuja, hata wasio wa dini yetu, wengine wakiwa bado wanatoka damu. Na vilabuni, mtu akijigamba kwamba leo atamfundisha mkewe adabu, wenzake walimwambia, "Shauri yako, utasomwa." Kupigana hakukwisha. Ila aliyepigwa alijua pa kukimbilia, na mara nyingi palikuwa kwa dada.

Sasa ningepaswa kusoma ugonjwa wa marehemu. Marehemu hakuugua. Jumanne ya tarehe 5 Agosti 2014, mchana, mke kijana wa mchomeleaji alikimbilia kwake peku, mdomo umechanika. Dada alimwingiza ndani, akafunga mlango, akasimama barazani. Mchomeleaji akaja na nondo ya chuma. Majirani walisikia yote.

"Nipishe, Mama Shoka. Yule ni mke wangu."

"Najua, mwanangu. Keti kwanza, nikupe maji."

"Nitakupiga!"

"Nimepigwa na wakubwa zako. Keti."

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili kichwani. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na hakusogea. La tatu lilimwangusha, akauziba mlango kwa mwili wake. Hakuzinduka tena, na alifariki hospitalini tarehe 13 Agosti, alfajiri.

Alhamisi wazee watatu wa kanisa walikuja msibani. Mkuu wao ni kinyozi, baba mzazi wa mchomeleaji. Wenzake wawili ndio waliosema. "Kwenye wasifu andikeni aliugua ghafla. Polisi wana kazi yao, na sisi tuna jina la kulinda."

Binti wa marehemu akawauliza, "Aliugua nini? Nondo?"

"Mwanetu, kanisa..."

"Mama alipigwa. Iandikwe alipigwa."

Kinyozi akasimama. Akavua kofia. "Andikeni," alisema. "Na mwandike ni mwanangu."

"Mzee, fikiria kanisa!"

"Ndilo ninalofikiria. Mwanangu yuko mahabusu. Jumapili namsoma mwenyewe."

Kesho, Jumapili, atasimama kumsoma. Leo amekaa pale, safu ya pili, na tunaomba asiguswe. Vijana wa sokoni, ile petroli mliyoificha nyuma ya bucha tumeiona. Karakana ya mchomeleaji muiache ilivyo, mkewe ana mtoto wa kulisha.

Marehemu ameacha mama mzazi, wadogo watano, binti mmoja na wajukuu wawili. Ameacha pia mke kijana aliyekuwa nyuma ya mlango ule. Yuko hai, ameketi na wafiwa, na tumemhesabu humo.

Dada yetu, pumzika. Bwana akupe amani ambayo duniani uliipigania kwa mwili wako.