Mistari Mitatu Badala ya Sauti ya Mwalimu

Benchi letu lipo kando ya ngazi za jengo la ofisi, penye kivuli mpaka saa sita, na Dada Chupa hutua hapo na chupa zake mbili za kahawa ya kuuza. Hapo ndipo tunapoitengeneza dunia kabla ya kurudi ghorofani kuiharibu. Mimi wananiita Masikio, fundi wa kurekodi. Jumatatu hiyo nilishuka nimefura. Mwalimu alikuwa ametusomea kitabu kizima cha sayansi kwa ajili ya wanafunzi wasioona, saa kumi na tisa za sauti. Halafu akapasuliwa koo, na leo hatoi hata neno, kwa hiyo kurudia hawezi. Sauti ile sasa haionekani. Aliyeipoteza, kwa hukumu yangu, alikuwa amekaa mwisho wa benchi anapuliza kikombe: Kamusi, mwandika programu wetu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema “sijui”.

— Kamusi, sauti iko wapi?

— Masikio, salamu kwanza.

— Salamu utaipata sauti ikipatikana. Nimefungua sura ya kwanza nimekuta mistari mitatu ya maandishi. Anwani ya mtandao, namba ndefu isiyo na mbele wala nyuma, na ukubwa wa faili. Wale watoto wana mtihani mwezi ujao. Nikawasomee namba?

Diwani akasogea. Huyu ni karani mstaafu wa masjala, hutoa hukumu kwanza, kesi anaisikia baadaye.

— Elezeni taratibu, maana penye wazee haliharibiki neno.

— Limeshaharibika, Diwani.

Kamusi akaweka kikombe chini.

— Mradi wetu una ghala kwenye mtandao. Ukibadilisha faili, ghala linatunza toleo jipya, na la zamani halilitupi. Ukikosea leo, unarudi kwenye la jana. Kwa maandishi ni raha tupu. Lakini Masikio akikata kikohozi kimoja, ghala linaweka sura nzima upya. Na amekata vikohozi mia mbili.

— Mtu anaumwa koo, ulitaka niviache?

— Sikulaumu. Ila ghala lilivimba. Ukitaka kulishusha, unasubiri toka asubuhi mpaka chakula cha mchana. Ndiyo nikahamishia sauti kwenye ghala la pembeni, la mizigo mizito. Kwenye ghala kuu nikabakiza vikaratasi tu: mzigo fulani, ukubwa huu, uko kule. Matoleo ya zamani nikayafuta, lipungue.

— Na huko kule, mzigo upo?

Kahawa ilikuwa ya moto, lakini Kamusi aliigugumia hivyo hivyo.

— Ijumaa nilihamia mashine mpya. Programu inayobeba mizigo kuipeleka ghala la pembeni sikuwa nimeiweka humo. Vikaratasi vikaenda ghala kuu. Mizigo ikabaki kwenye mashine ya zamani.

— Na ya zamani?

— Niliifuta kila kitu nikairudisha stoo.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

— Ona alichofanya, akasema Dada Chupa. — Ni kama umehama nyumba, ukabandika anwani mpya mlangoni, vyombo ukavisahau ndani, halafu nyumba ukaibomoa.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Diwani. — Mimi nasema haijapotea. Mizigo mizito huzama. Chimbeni hilo ghala, mtaikuta chini kabisa.

— Ghala la mtandaoni halina chini, mzee wangu, akasema Kamusi.

— Kila ghala lina chini. Nimekaa masjala miaka thelathini. Faili likipotea, limelaliwa na jingine.

— Wapi, imeibwa hiyo, akasema Dada Chupa. — Kuna watu wanafundisha mashine kuongea. Utakuja kupiga simu kuulizia umeme, Mwalimu akuitikie.

— Wala si wizi, Diwani akabadili upepo. — Sauti imemfuata mwenyewe. Koo limekatwa huku, na ile ya kwenye mashine ikakatika kule. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Hiyo methali imeingiaje hapa? nikamuuliza.

— Imekuja yenyewe, kama ulivyokuja wewe.

Nikawaambia basi, inatosha. Nikamwambia Kamusi kwamba kazi ya mtu aliyesoma kwa koo bovu haikustahili kukabidhiwa mtu mvivu. Nilisema na mengine, tena kwa sauti ya juu. Kumbe nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja na mkoba wake, mke wa Mwalimu.

— Shikamoo mama, tukasema wote.

— Marahaba, wanangu. Mwenzangu amenituma.

Akanipa karatasi. Mwandiko wa Mwalimu naujua: “Leo nataka kusikia sura ya kwanza.”

Nikamsukumia Kamusi aeleze. Akaeleza yote, ghala kuu, la pembeni, vikaratasi, mizigo. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Nimeelewa, akasema. — Sasa, kabla hamjafuta nakala zenu, nani aliifungua hiyo sauti ya ghalani akaisikiliza?

Mimi Jumamosi asubuhi nilikuwa nimefungua orodha ya ghala. Nikaona majina ya sura zote yamepangika vizuri, nikaridhika. Nikafuta kadi za kinasa sauti na kila nakala kwenye mashine yangu, nipate nafasi ya kazi nyingine. Kusikiliza hata dakika moja, sikusikiliza.

Dada Chupa alitikisa chupa zote mbili. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mama akakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi, akaweka mkoba magotini, akaendelea kunitazama akingoja jibu.